Relaksesi inajuaje pa kukata kwenye plazimidi? Naomba mnisaidie kuelewa umbo lake

Mtoto_wa_Mbagala:

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi nipo mwaka wa tatu, nasoma mambo ya baiolojia ya molekyuli hapa Mlimani, Alhamisi nina presentesheni ya dakika 20 na mada nimechagua mwenyewe, protini zinazoshika DNA pale bakteria mmoja anapompa mwenzake jeni, ile wanaita konjugesheni. Sababu ya kuichagua ni hii. Mwezi wa nne mdogo wangu wa kike aliugua UTI, akapewa dawa ya kwanza akamaliza dozi, homa ikarudi, akapewa ya pili hola, ndo wakaamua kuotesha mkojo. Ile karatasi ya majibu niliishika mimi. Majina ya dawa upande wa kushoto, upande wa kulia R, R, R, R, halafu S moja, halafu R tena (R maana yake mdudu ni sugu kwa dawa hiyo, S maana yake bado anaisikia). Mdudu mwenyewe E. coli. Nilikaa nayo kwenye daladala kutoka mjini mpaka Rangi Tatu naisoma kama barua. Mdogo wangu kapona kwa ile S moja, namshukuru Mungu, ila tangu siku hiyo nataka kujua hizo R zote zilikaaje kwa mdudu mmoja.

Nilipofika mpaka sasa ni kwamba jeni nyingi za usugu zinakaa kwenye plazimidi, kale kaduara ka DNA ambako sio sehemu ya kromosomu, na kuna protini inaitwa relaksesi (kwenye plazimidi inayoitwa F ni TraI, kwenye nyingine inayoitwa R388 ni TrwC) ambayo inakata uzi mmoja wa DNA sehemu moja tu inaitwa oriT kisha uzi ule unavutwa kwenda kwa bakteria wa pili. Hapo nipo sawa. Ninapokwama ni kwenye umbo. Plazimidi F ina herufi za DNA karibu laki moja, sasa hii protini inaijuaje ile sehemu moja? Halafu naambiwa protini yenyewe inabaki imeng'ang'ania DNA, inaingia nayo kwa bakteria wa pili, kwa nini isikate tu ikaachia? Supavaiza wangu kaniambia nisiende kuleta habari za kufuli na funguo, anataka nimwonyeshe protini inashika wapi na inashika nini. Naombeni msaada, hata kwa mfano wa mtaani, nitaenda kuutafutia picha mwenyewe.

Dada_wa_Jeli:

Mdogo wangu, marahaba, na pole sana kwa mdogo wako, hiyo karatasi ya R R R naijua, nimeziandika nyingi mno kabla sijahamia upande wa utafiti.

Nianze na swali lako la pili maana ukilielewa hilo la kwanza linakuwa rahisi. Mama yangu ni fundi cherehani, nimekulia chini ya meza yake Kariakoo, mtaa wa Kongo. Mama akikata uzi hauachii. Anakata kwa meno huku ncha kaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu ukiachia ncha uzi unachomoka kwenye tundu la sindano na unaanza upya kulamba uzi na kukodoa macho. Relaksesi inafanya hivyo hivyo ila yenyewe haibani kwa nje, inajifunga na ile ncha kwa kifungo cha kemia kabisa, kovalenti. Ndani yake kuna amino asidi (vile vitofali vinavyojenga protini) inaitwa tairosini, ile tairosini ina oksijeni mwishoni, oksijeni hiyo inaishambulia fosfeti iliyopo katikati ya herufi mbili pale pa kukatia, upande mmoja wa uzi unaachiwa na upande wa pili, ile ncha ya 5, unabaki umeshikana na tairosini. Kwa hiyo kukata na kushika ni tendo moja, sio kwamba inakata kwanza ndo ishike.

Na faida yake ni kubwa. Kile kifungo cha fosfeti kina nguvu ndani yake, ungekikata kwa maji kama enzaimu nyingine zinavyofanya ile nguvu ingepotea, na siku ya kuunga ungehitaji ATP, ile nishati ya seli. Hapa nguvu imehifadhiwa kwenye kifungo cha tairosini, kwa hiyo uzi ukishafika kwa bakteria mpokeaji protini ile ile inageuza mchezo, inaunga ncha na ncha duara linarudi, bila kuomba ATP kwa mtu. Ndo maana lazima isafiri nayo, mshonaji wa upande wa pili ni yeye mwenyewe.

Hata jina linatokana na hapo. Plazimidi ndani ya bakteria imejisokota kama kamba ya kisima, ukikata uzi mmoja tu inalegea. Relaksesi ni mlegezaji.

Sasa umbo. Waliopiga picha ya TrwC ikiwa na DNA yake, mwaka 2003, waliieleza kama mkono, wakaita sehemu moja kiganja na sehemu nyingine vidole, na huo mfano sio wa kubuni ukiiona utakubali. Kiganja ni ubao wa nyuzi tano za protini yenyewe, zinaitwa beta, zimelala ubavu kwa ubavu, mgongoni na pembeni kuna heliksi, yaani sehemu za protini zilizojiviringa kama springi. Juu ya kiganja kuna histidini tatu zimekaa pembetatu zinashika chembe moja ya metali, mfano magnesi, na kazi ya ile metali ni kuivuta fosfeti ikae sawa na kuidhoofisha ili tairosini iipate kirahisi. Kwenye TrwC hizo histidini ni namba 150, 161 na 163, na tairosini inayokata mwanzo ni namba 18, namba ni nafasi ya amino asidi kwenye mnyororo wa protini. Ziandike hizo namba, supavaiza atafurahi.

Vidole vinafunika kwa juu. DNA inapita katikati ya vidole na kiganja, kwenye ufa mrefu wenye kina.

Bwana_Seli:

Mkuu usijichanganye sana, hii ni sawa tu na zile enzaimu za kukatia DNA tunazonunua za maabara, inasoma herufi kama sita hivi kwenye DNA ya nyuzi mbili inakata zote mbili basi. Umbo halina maajabu.

Dada_wa_Jeli:

Bwana Seli samahani kaka, hapo sikubaliani na wewe na naomba mdogo wetu asiende na hilo mbele ya darasa. Zile enzaimu nyingi zinashika DNA ikiwa bado nyuzi mbili zimekumbatiana, zinakata zote mbili, zinaachia zinaondoka. Relaksesi inakata uzi mmoja, na pale inapokata inahitaji uzi uwe umeshaachana na mwenzake, uwe peke yake. Tofauti hiyo ndo jibu la swali lake la kwanza kabisa.

Sikilizeni. DNA ikiwa nyuzi mbili herufi zimegeukiana ndani, protini inazisoma kwa kupapasa kwenye mifereji ya pembeni. Uzi ukiwa mmoja herufi ziko wazi, zinaweza kugeuzwa, kupinduliwa, kuingizwa kila moja kwenye kijishimo chake. TraI ya F inafanya hivyo, uzi unapinda umbo la U ndani ya ufa wake, herufi zingine zinaingia kwenye vijishimo vya protini na zingine zinashikana zenyewe kwa zenyewe kushikilia ule mpindo. Kwa hiyo haisomi mstari, inasoma umbo ambalo ni mpangilio ule tu wa herufi unaoweza kulitengeneza, na ukibadilisha herufi moja ya muhimu uzi haukai vizuri, unashikwa kwa ulegevu sana.

TrwC nayo ina cha ziada. Nyuma kidogo ya pale pa kukatia kuna herufi zinazojirudia kinyumenyume, kwa hiyo uzi unajikunja wenyewe unakuwa kama pini ya nywele. Protini inaikumbatia ile pini kwanza, ndo mkia wa uzi mmoja unaotoka kwenye pini unaingia kwenye ufa mpaka kwenye tairosini. Pini ni kama kishikio, mkia ndo unaokatwa.

Bwana_Seli:

Nimekuelewa dada, asante, nilikuwa nachanganya mambo mawili. Mimi nipo sana kwenye kuunga jeni kwa mkono, hii ya wadudu wenyewe kwa wenyewe sikuisoma kwa undani.

Mtoto_wa_Mbagala:

Dada shikamoo tena, yaani nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikachukua uzi wa bi mkubwa nikaanza kuupitisha vidoleni, ile ya kukata na kushika ni tendo moja imeingia. Ila umeniongezea swali jipya. Kama inahitaji uzi uwe peke yake, na plazimidi muda wote ni nyuzi mbili, nani anaziachanisha? Kuku na yai hapo.

Mwalimu_wa_Zamani:

Vijana hamjambo. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, macho sasa yamechoka ila hii mada nimeshindwa kuipita.

Wasaidizi, kijana wangu, wapo wasaidizi. Pale oriT haiendi relaksesi peke yake, linakaa kundi zima la protini wanaliita relaksosomu. Kwenye F kuna TraY, kuna TraM, na kuna IHF ambayo hata si ya plazimidi, ni ya bakteria mwenyewe, plazimidi inaazima tu. Hii IHF naipenda kuliko zote. Ni protini ndogo ya vipande viwili, kila kimoja kimetoa mkono mrefu wa beta, ncha ya kila mkono ina amino asidi prolini, na hizo prolini mbili zinajichomeka kwenye mfereji mwembamba wa DNA katikati ya herufi kama mtu anavyochomeka kabari. DNA inapinda kwa pembe ya digrii zaidi ya 160, yaani inakaribia kugeuka na kurudi ilikotoka. Picha yake ilipatikana mwaka 1996. Sasa wewe pinda kamba ngumu kiasi hicho, na kamba yenyewe tayari imejisokota, huku TraY imekaa jirani nayo inapinda na kubana, msongo ule unafanya nyuzi mbili zifumuke kidogo mahali fulani. Pakishafumuka relaksesi inapata uzi wake mmoja inaingiza mkono. Kwa hiyo kuku na yai yako jibu lake ni kwamba DNA inalazimishwa kufumuka kwa kupindwa.

Na kwa sababu ulianza na zile R za mdogo wako nikupe historia kidogo ambayo usiiache. Konjugesheni yenyewe iligunduliwa na Joshua Lederberg na Edward Tatum mwaka 1946, wakati huo ilionekana jambo la kitaalamu tu. Mwaka 1959 Wajapani ndo walioonyesha ubaya wake. Kulikuwa na wagonjwa wa kuhara damu wenye Shigella isiyosikia dawa nne kwa mpigo, salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaikilini, wakaichanganya ile Shigella na E. coli anayesikia dawa zote, na yule E. coli akatoka ana usugu wa zote nne. Zote nne zilihama pamoja. Mabadiliko ya bahati kwenye jeni moja moja hayaleti kitu kama hicho kwa usiku mmoja, ni kifurushi kimepokelewa. Hiyo karatasi yako ya R R R R, kijana, isome ukikumbuka hiyo habari.

Mtoto_wa_Mbagala:

Shikamoo mwalimu. Nimenyamaza dakika kadhaa hapa. Dawa nne Japani mwaka 1959, na mimi nimeshika karatasi yangu kwenye daladala mwaka huu.

Mfamasia_Temeke:

Naomba kuingilia, mimi nipo duka la dawa na kila siku naletewa mtu anataka vidonge vitano vya antibayotiki kwa sababu hela ya dozi nzima haijatimia, roho inaniuma kwa kweli. Swali langu, kama mnajua tairosini iko wapi na metali iko wapi, si mtu anaweza kutengeneza kitu cha kuziba pale? Badala ya kuua bakteria unamzuia asigawe jeni.

Dada_wa_Jeli:

Kaka yangu swali lako limeshafikiriwa na lina mwanzo mzuri. Mwaka 2007 kundi moja Marekani waliangalia ule mfuko wa TraI wakawaza kwamba pale panakaa fosfeti, na relaksesi nyingi zinakuwa na tairosini zaidi ya moja, kwa hiyo kuna wakati fosfeti mbili zinaweza kuwepo karibu karibu. Wakatafuta molekyuli ndogo zenye fosfeti mbili bandia, bisfosfoneti, na zingine kati ya hizo tayari ni dawa za mifupa, etidroneti na klodroneti. Kwenye maabara zikaizuia relaksesi ya F na uhamisho wa plazimidi ukapungua. Lakini naomba nisisitize na wewe kama mfamasia utanielewa, hayo ni ya maabara, hakuna anayemwandikia mgonjwa wa UTI dawa ya mifupa, na asome mtu hapa akaenda kununua itakuwa tumemkosea. Na plazimidi ziko za familia nyingi kila moja na relaksesi yake, kizibo cha hii si lazima kizibe ya ile.

Kuhusu hilo la kila moja na yake, Mtoto wa Mbagala, kuna jaribio moja nakuomba ulipe slaidi nzima. Plazimidi F na plazimidi R100 ni ndugu, TraI zao zinafanana kweli kweli, ila ya F haishiki vizuri DNA ya R100 na ya R100 haishiki vizuri ya F. Ukiangalia pale zinaposhika, DNA zinatofautiana herufi mbili tu. Mwaka 2003 wakachukua TraI ya F, wakabadilisha amino asidi mbili, namba 193 iliyokuwa glutamini wakaweka arginini, namba 201 iliyokuwa arginini wakaweka glutamini, yaani wakaifananisha na ndugu yake hapo tu. Ikahama upande, ikaanza kupenda DNA ya R100. Protini yenye amino asidi 1756, umegusa mbili imebadili mpenzi. Supavaiza akikuuliza inashika wapi na inashika nini, jibu lako ni 193 na 201.

Bwana_Seli:

Hiyo kali. Mdogo wangu, na mimi nitoe mchango wa vitendo. Nenda kwenye benki ya data ya protini, PDB, ni bure, andika 1OMH utapata TrwC na pini yake ya DNA, andika 2A0I utapata TraI ya F na uzi wake mmoja. Fungua na programu ya ChimeraX, laptopu ya kawaida inabeba, faili zenyewe ndogo haziwezi kumaliza bando. Ipake DNA rangi moja na protini rangi nyingine, kisha ondoa vidole ubakize kiganja, ufa utauona wenyewe.

Mtoto_wa_Mbagala:

Nimerudi, nipo laibrari. Nimefungua 1OMH. Dada, ni mkono kweli. Pini imekaa pembeni kama mtu kashika mpini, halafu mkia wa uzi unazama katikati, nimezungusha zungusha mpaka nikaiona tairosini 18 pale chini na histidini tatu zimeizunguka. Jirani yangu wa meza kaniuliza naangalia nini nikamwonyesha, na yeye kavuta kiti.

La mwisho nawaomba. Huo mkono mkubwa hivyo unapitaje kwenye tundu la kwenda kwa bakteria wa pili? Nimesoma kwamba tundu la ndani la pilasi ya F, kile kimrija kinachounganisha bakteria wawili, lina upana wa angstromu 28 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). DNA ya nyuzi mbili yenyewe ni 20. Mkono huu haupiti hapo hata kidogo.

Dada_wa_Jeli:

Haupiti ukiwa mkono. Unafumuliwa.

Mlangoni kuna protini nyingine, kwenye R388 inaitwa TrwB, kwenye F ni TraD, na TraM aliyotaja mwalimu ndo anayeishika mkono TraD ili ile DNA iliyoandaliwa isogezwe mlangoni. TrwB picha yake ilitoka 2001, ni vipande sita vinavyofanana vimekaa duara kama chungwa lililomenywa, katikati kuna tundu, na kila kipande kinatumia ATP kama mashine ya kusukuma. Na mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba ukiifunga TraI na kipande cha protini kigumu ambacho hakikubali kufumuka, usafirishaji unakwama. Maana yake ili ipite lazima mnyororo wa amino asidi ufumuke, upite kama uzi, kisha ujikunje upya upande wa pili urudi kuwa mkono, huku muda wote ile ncha ya DNA imefungwa kwenye tairosini haijaachiwa. Halafu ndo inasubiri mkia wa uzi ufike, inaunga.

Mwalimu_wa_Zamani:

Na ongeza, huko nyuma kwa mtoaji lazima ibaki TraI nyingine inayoendelea kufumua nyuzi, maana TraI ina sehemu ya helikesi pia. Picha ya 2017 inaonyesha uzi wa DNA umefunikwa pande zote ndani ya ile sehemu ya helikesi, na inaelekea molekyuli moja haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, ikishika kwa namna ya kufumua haishiki kwa namna ya kukata. Kwa hiyo chora TraI mbili, kijana, usichore moja.

Mtoto_wa_Mbagala:

Nachora mbili mwalimu. Na uzi wa bi mkubwa naenda nao, nataka wanafunzi wa mbele waushike ncha wenyewe kabla sijawasha projekta. Karatasi ya mdogo wangu nimeipiga picha nikaficha jina, inakaa slaidi ya kwanza.